Karani wa Tiketi

Miaka kumi na tisa, dirishani nimeketi,
Nahesabu zao pesa, nawakatia tiketi,
Wa harusi na mikasa, wenye mabegi na vyeti;
Pemba sijaenda eti, naijua vitabuni!

Kikaja kichwa kuuma, nikilala sisinzii,
Moyo ukinisukuma, pilau siisikii,
Na ulimi ukichoma, watu siwavumilii;
Presha yangu haitii, dawa tele mkobani.

Tabibu akanipima: mia na tisini juu!
Akaniuliza: "Mama, likizo je, mwaka huu?"
Nikacheka: "Mie ndama, kamba i kwenye miguu."
Akanambia: "Nafuu haiko yote chupani."

Nikatoa visababu: nani atalisha paka,
Bosi hatanipa jibu, bomba langu limechoka,
Bahari nayo ni tabu, mwenyewe nitatapika;
Jirani akanicheka: "Paka? Lete barazani!"

Nikajikatia yangu, kwa kalamu ile ile,
Nikatia jina langu, Raya Ame, kama wale,
Wakacheka na wenzangu: "Leo Bi Raya yu mbele!"
Nikavuka lango lile, begi langu mkononi.

Nungwi tulipoipita, mawimbi yakapokea,
Tumbo likawa lateta, mfuko nikaulea,
Mwenzangu ndimu kakata, polepole kaongea:
"Mbele kunakoenea tazama, si sakafuni."

Mkoani nikashuka, miguu kama ya mwana,
Milima ikainuka, mabonde yakabanana,
Pemba niliyoandika, kumbe si ile, hapana!
Herufi tano za jina hazina kijani ndani.

Kaije alinilaki, mteja wa siku nyingi,
Nyuma ya kioo, haki, namjua kwa shilingi,
Kanipikia samaki, muhogo, mchuzi mwingi;
"Kumbe," kacheka, "huringi, una miguu kwa chini!"

Asubuhi twatembea, kwenda kisimani kwao,
Nahema, naegemea ukingo wa njia yao,
Watoto wanangojea, wakinicheka na wao;
Siku ya nane ni nao, sambamba hadi shambani.

Vidonge sikuvitupa, nameza kama awali,
Ila usingizi hapa waja bila ya maswali,
Karafuu zinanipa harufu ya jua kali;
Nikaota ndoto mbili, zote simo dirishani.

Ngezi nikaona popo, kila mmoja na bawa,
Wamening'inia hapo, kichwa chini, bila dawa,
Nikasema: "Kumbe wapo wasojua kuchelewa!"
Saa yangu ikatiwa chini kabisa begini.

Siku moja, twachambua karafuu taratibu,
Kinywa kikajifungua, nikamtaja Rajabu,
Aliyezikwa na mvua. Sikulia, kwa sababu
Kazi ilinighilibu, foleni hadi njiani.

Kaije hakunipoza, wala hakusema "Pole",
Alikaa, kasikiza, mikono i vile vile,
Kisha kikapu kajaza: "Hebu tuanike kule."
Nililia njia ile, mpaka kule jamvini.

Kufika nyumbani kwangu, paka hakunitambua,
Akanusa nguo zangu, karafuu akajua,
Na ule ukuta wangu, rangi nikaigundua:
Kijani! Sikuijua, miaka yote machoni.

Tabibu akasimama, kaitazama mashine,
Akarudia kupima mkono ule mwingine,
Kauliza: "Dawa, mama, umepata za pengine?"
Nikacheka nisinene, karafuu mfukoni.

Sisemi sitaugua, presha kwangu mke mwenza,
Huja anapoamua, kugombana akaanza,
Ila sasa ninajua pa kukimbilia kwanza;
Miguu ishajifunza, hairudi kifungoni.

Leo mteja akija, nauliza aendako:
"Bandari najua moja, nataka kilima chako!"
Kwao hiyo ni kioja, foleni yawa vicheko;
Nawambia: "Mbele huko tazama, si sakafuni."